Patenere wa Mdogo Wangu

Samaki hawaji sokoni kwa miguu yao. Kila mwanamke anayeuza samaki wakavu hapa Likasi ana mtu wake huko majini, na mtu huyo tunamwita patenere. Neno lilikuja na Kifaransa, lakini tumelitumia hata limelainika na kuwa letu. Patenere wako anakutunzia samaki, wengine wasiwaguse. Wewe unampelekea chumvi, unga, sabuni, uzi wa nyavu na betri za tochi, na yeye naye akikutaja kwa watu anasema wewe ni patenere wake. Wavu ukichanika, hasara ni yenu wote; ukijaa, kicheko ni chenu wote. Asiye na patenere hushinda ufukweni akitazama wenzake wakijaziwa vikapu, kisha hurudi mjini na magunia matupu na mdomo uliochongoka.

Mimi patenere wangu alikuwa mdogo wangu wa damu, tumbo moja. Alimfuata mume ziwani, lile ziwa lililoletwa na bwawa la Mwadingusha, akawa mke wa mvuvi mwenye mabega mapana na maneno machache. Mama yetu alilia siku ya harusi kwa sababu binti anakwenda kukaa kwenye mbu. Mimi nilifurahi waziwazi, maana biashara yangu ilikuwa imepata shemeji. Ninakaa Shituru, hukuhuku Likasi, katika zile nyumba za kampuni zilizofanana hata mlevi hubisha hodi kwa jirani na kudai chakula. Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda chao cha shaba. Yeye ana zamu zake, mimi nina safari zangu, na tunapokutana tunakuwa na habari za kutosha.

Kila nilipofika kwenye kambi yao ya wavuvi nililala kwa mdogo wangu, nikala bukari, ugali wetu, na kambale wa mchuzi, nikaondoka na samaki wangu. Nilijua bahati yangu. Wenzangu wengi hawakuwa na dada kule. Mitumbwi inaweza kuchelewa siku mbili, tatu, upepo ukiwa mbaya. Mwanamke atalala wapi? Atakula nini? Kibanda ni cha mvuvi, moto ni wa mvuvi, samaki ni wa mvuvi, na wanunuzi ni wengi kuliko samaki. Basi kuna mapatenere wa samaki, na kuna mapatenere wa samaki na mkeka. Sisi sokoni tunalijua hilo na hatulisemi, na ukilisema utaonekana una wivu. Mimi sijawahi kumcheka mwanamke kwa hilo. Nimewacheka wanaume, sana, maana mvuvi mmoja anaweza kuwa na mapatenere watatu kutoka Likasi, mmoja kutoka Kambove na mke nyumbani, na bado anajiita mtu wa kanisa.

Na maradhi yakija? Kambini kila ugonjwa wa chini ya mshipi una jina moja: bugonjwa ya banamuke. Angalia ujanja wa jina hilo! Mwanaume akiumwa, amepewa na mwanamke. Mwanamke akiumwa, ni wake mwenyewe. Mwanaume humngoja mchuuzi anayepita kwa mtumbwi na kopo la vidonge vya rangi mbili, ananunua vichache, anameza viwili, vingine anamgawia rafiki kwa ukarimu. Maumivu yakitulia anasema amepona. Kituo cha afya kiko ng'ambo ya ziwa, na kwa muda mrefu kilikuwa na mlango, benchi na mbuzi.

Mdogo wangu alikuwa na jambo moja lililomnyima raha. Alikuwa amebeba mimba mbili mpaka miezi ya mwisho, na watoto wote wawili walizaliwa kimya. Niliwaona wote wawili. Wazuri, wamekamilika, kimya. Kambini walisema ni tego. Majirani wanaosali kwa kelele walisema ni roho ya ukoo, na bibi mmoja akasema ni kambale, mjamzito hali samaki asiye na magamba. Mimi niliwaambia wote kwamba wanasema upuuzi, tena kwa sauti, kwa sababu Mungu hakunipa sauti ya kunong'ona. Lakini nilipoulizwa mimi nasema ni nini, nilirudia tu kwamba ni upuuzi.

Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Na kule kwenye kituo cha afya alikuwa ameletwa muuguzi mpya kutoka Lubumbashi, kijana mwenye Kifaransa kilichopigwa pasi, munganga kwa lugha ya kambini, ambaye jambo la kwanza alilofanya ni kumfukuza mbuzi. La pili, alianza kuwachoma vidole wajawazito wote na kupima damu.

Siku moja nikiwa sokoni simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu, amepanda kilimani ambako mtandao unapatikana, anahema. Yeye huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, munganga amepima damu yangu. Amenitwanga shindano ku matako, yaya, sijue kuikala chini."

"Uko na bugonjwa gani?"

"Alisema na Kifaransa. Lakini anasema nilete patenere yangu. Kama patenere hafike, dawa haitasaidia kintu, na mutoto naye... Patenere afike mbio."

"Patenere yako? Njo minye!" Ndiye mimi, nani asiyejua?

"Njo weye, yaya. Iko nani mwingine?"

Nilifunga meza yangu saa ileile. Mtu akiniuliza nilifikiri nini, nitamjibu kweli: nilifikiri dawa ni ghali na muuguzi anataka mtu wa mjini wa kumsimamia mgonjwa. Au labda ugonjwa unapita kwenye chumvi yangu. Nilikagua hata gunia la chumvi, nikalinusa. Mume wangu aliporudi kutoka zamu nilimwambia naitwa na daktari wa ziwani. Akauliza kwa nini mimi. Nikamwambia kwa sababu ni patenere, na yeye akatikisa kichwa kwa heshima, maana kiwandani kwao mapatenere ni wazungu wanaokuja na kofia safi.

Nilipanda lori, tukapita Koni kwa vumbi jekundu, jingi kama unga wa kuokea mkate, tukafika Mwadingusha, nikavuka kwa mtumbwi mpaka kambini. Kumbe habari ilikuwa imenitangulia. Mdogo wangu hakuwa peke yake. Muuguzi alikuwa amewaambia wanawake kadhaa neno lilelile, kila mmoja alete patenere wake, na neno lilipozunguka kambi lilikuwa limenenepa njiani. Sasa lilikuwa mkutano: munganga anaita mapatenere wote, wavuvi na wanunuzi, pengine kuna mradi, pengine kuna nyavu za bure, pengine bei ya samaki itapanda. Shemeji yangu, ambaye si mtu wa mikutano, alikuwa amenyoa ndevu.

Asubuhi tulivuka wote watatu. Benchi la kituo lilikuwa limejaa hadi watu wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Wavuvi walikuwa wamevaa mashati ya kanisani. Mzee wa kambi, mvuvi mkongwe kuliko wote, alikuja na koti zito lenye vifungo vya dhahabu, jasho likimtiririka. Akina mama wa sokoni walikuwepo wanne niliowajua, kila mmoja pembeni ya patenere wake, wanaongea juu ya bei.

Muuguzi alitoka ndani, akatuona, akasimama. Macho yalimjaa maji, na sitii chumvi.

"Papa na mama zangu," akasema, "nimefanya kazi pahali pengi. Banaume hawafike hata siku moja. Nilikuwa naomba moya, sipate. Leo muko hapa bote, na bibi, na... na banamuke bengine. Muko na courage!"

Tukapiga makofi. Sifa hairudishwi.

Kisha akaanza kueleza. Alisema kuna ugonjwa unaitwa kaswende. Alisema unakaa kwenye damu miaka na miaka bila kelele, mtu anakula, anavua, anacheza ngoma, naye anao. Unapita kati ya mwanaume na mwanamke wanaolala pamoja, huku na huku, na hakuna ajuaye nani alianza. Mjamzito akiwa nao, mtoto anaweza kufia tumboni. Ukimtibu mama peke yake, patenere wake atamrudishia usiku wowote ule, na mtoto atakuwa hatarini tena. Ndiyo maana amewaita mapatenere.

Mzee wa kambi akainua mkono.

"Munganga, na beyi ya samaki?"

"Beyi gani, papa?"

"Si ulituita shiye bapatenere?"

Muuguzi akamtazama mzee, akautazama umati, akanitazama mimi, mwanamke mzima niliyekaa kifua mbele pembeni ya mdogo wangu.

"Mama, weye uko patenere ya nani?"

"Ya huyu," nikasema, nikimwonyesha mdogo wangu. Jibu lilikuwa limeshatoka kabla akili haijafika.

Sijui nani aliangua kicheko kwanza. Najua benchi lilitikisika, ndoo zikapinduka, mama mmoja wa sokoni akaanguka chini na kitenge kikamfuata. Muuguzi alicheka mpaka akajifuta uso kwa koti lake jeupe. "Patenere ni ule wa kulala naye!" akawa anapiga kelele. "Wa kulala naye!" Na kila aliposema hivyo kicheko kilizidi, ila si kwa wote. Wapo mapatenere wawili watatu waliokuwa wanacheka huku wakitazama pembeni.

Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, mikono juu ya tumbo. Nilipomwona hivyo, kicheko changu kikafa. Niliwakumbuka wale watoto wawili, na nikaelewa kila neno alilolisema muuguzi. Haikuwa tego wala kambale. Patenere aliyekuwa anatakiwa pale alikuwa mvuvi huyu mwenye mabega, na mimi nilikuwa nimekuja safari nzima kukalia nafasi yake.

Kicheko kilipopungua nikamsikia shemeji akimnong'oneza mkewe. "Ile ni bugonjwa ya banamuke. Tuende." Alikuwa ameshaweka mikono magotini kutaka kusimama. Na hakuwa peke yake. Benchi zima lilikuwa limeanza kuhema, wanaume wanavuta mashati, wanakohoa kikohozi cha kwaheri.

Hasira ikanipanda. Ninayo nyingi na siiombei msamaha. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya kuuzia samaki:

"Bon! Ule atasimama wa kwanza, shiye bote tutajua juu ya nini anakimbia."

Shemeji akakaa. Wote wakakaa. Hata aliyekuwa anataka kweli kwenda kujisaidia alikaa. Ungeona wavuvi wazima, watu wanaopambana na upepo wa ziwa, wamegandia benchi kama vifaranga, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze kujiaibisha.

Muuguzi alikuwa mwerevu, au alikuwa na huruma, mara nyingine ni kitu kimoja. Akasema kila mtu ataingia ndani peke yake. Mule ndani mtu anaweza kukubali kupimwa, anaweza kukataa, anaweza kukaa tu akazungumza habari za samaki. Kitakachosemwa mule kitabaki mule. Akafungua mlango na kungoja.

Mzee wa kambi akafunga vifungo vyake vya dhahabu, akaingia. Alikaa huko muda wa kutosha watu kuanza kupiga mbu. Kisha akatoka akichechemea, mkono kwenye tako, uso umekunjamana. Tukashangaa. Ee, mzee wetu, hata yeye! Lakini alipopita mbele yetu akakonyeza jicho. Akarudi kwenye ndoo yake, akakaa bila taabu yoyote, akasimama tena haraka alipokumbuka, akachechemea kidogo.

Wa pili akaingia. Naye akatoka akichechemea. Wa tatu, vilevile. Hapo tukaelewa wote, bila mtu kusema. Kila aliyeingia alitoka anachechemea, aliyechomwa sindano na asiyechomwa, mwenye ugonjwa na mzima kama jiwe. Mmoja alichechemea kwa mguu wa kulia, akageuka, akaendelea kwa wa kushoto. Akina mama nao wakafuata. Hakuna mtu angeweza kusema nani ana nini. Nimeona mambo mengi ya ukarimu makanisani, lakini sijaona kama lile.

Zamu yangu ikafika, na ndipo nilipogundua kwamba mdomo wangu ulikuwa umenifunga na mimi. Kusimama niondoke singeweza, nilikuwa nimeitunga sheria mwenyewe. Nikaingia. Kidole kilipochomwa nilimkumbuka mume wangu, mtu mpole, na nilimkumbuka pia kila mwanamke aliyewahi kumsalimia Shituru, hasa mmoja mwenye meno mazuri anayeuza kinywaji cha munkoyo karibu na lango la kiwanda. Nilingoja nikiwa nimekasirika kabisa. Muuguzi akanionyesha: hakuna kitu. Nilimshukuru Mungu, nikamwomba msamaha moyoni yule mama wa munkoyo, nikatoka nikichechemea kuliko wote.

Shemeji aliingia wa mwisho. Alikaa muda mrefu. Mdogo wangu alinishika mkono na kucha zake zikaingia kwenye nyama yangu, nikamwacha. Alipotoka alikuwa anachechemea. Lakini kila mtu alikuwa anachechemea! Nilimtazama machoni nisione kitu. Nikajilaumu mimi na mzee na mchezo wetu wote. Sasa nitajuaje kama amechomwa kweli, au amekaa mule akazungumza habari za samaki?

Nililala kambini bila kuuliza. Mdogo wangu naye hakuuliza, aliogopa jibu. Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyapanga vizuri, nimpe shemeji vidonge vyake asubuhi atakaponivusha. Mwanaume mzima, mke amezika wawili, na wewe unasema bugonjwa ya banamuke!

Asubuhi tukaingia mtumbwini, mimi mbele na magunia yangu, yeye nyuma na kafi. Nikageuka nianze. Hakuwa amekaa. Alikuwa amepiga magoti kwenye maji yaliyotuama sakafuni, anapiga kafi akiwa amepiga magoti, na kila mtumbwi ulipoyumba akauma midomo. Hakukuwa na mtu mwingine ziwani wa kumwigizia.

Yeye ndiye aliyesema.

"Yaya. Bale batoto babili." Kafi likasimama. "Njo minye?"

Alikuwa analia bila kujificha, mtu yule wa mabega, kamasi na machozi, na mtumbwi unaelea wenyewe. Nilitaka kumwambia si wewe, lakini muuguzi alikuwa ametuambia hakuna ajuaye nani alianza, na mimi si mtu wa kudanganya ili mwanaume aache kulia. Nililia na mimi. Kisha nikamwambia:

"Shindano zingine ziko ngapi?"

"Mbili."

"Utaenda?"

"Nitaenda."

"Basi endesha. Jua linachoma samaki."

Akacheka huku analia, akapiga kafi. Alikwenda. Alivuka ziwa peke yake juma lililofuata, na lile lingine, na siku hizo alichechemea kambini bila mtu wa kuchechemea naye. Mficha uchi hazai, wanasema wazee, na yeye aliamua kutoficha. Mwanaume akimtania, alimjibu kwamba munganga bado yupo na sindano bado zipo. Nilisikia pia kwamba mchuuzi wa vidonge vya rangi mbili alikuwa anapita kambini na kopo lake na kuondoka nalo likiwa zito.

Mimi nyumbani nilimpeleka mume wangu kupima, hakuwa na kitu, na alinuna siku nzima kwa sababu nilipiga vigelegele kwenye ukumbi wa hospitali.

Mvua zilianza. Muuguzi aliagiza mdogo wangu asijifungulie kambini, akakae Mwadingusha karibu na hospitali mpaka siku zake zitimie. Nilimpelekea vitenge na kofia mbili za sufu, nikarudi sokoni, na kila simu ilipolia nilimkaripia mteja aliyekuwa mbele yangu.

Ilipolia kweli, mvua ilikuwa inapiga mabati hata watu hawasikilizani. Ilikuwa namba ya shemeji.

"Yaya," akasema. Kisha sikusikia tena neno, ila makelele. Nilidhani ni mvua. Nikaziba sikio lingine kwa kiganja, nikaingia chini ya meza, kati ya magunia.

"Yaya, ni mwanamuke. Munganga alimupima, eko muzima, mama yake naye muzima. Lakini analia! Tangu anazaliwa analia, hanyamaze. Banamuke huku banacheka minye. Nimubebe namna gani anyamaze?"

"Usimunyamazishe," nikamwambia.

"Analia na nguvu, yaya!"

"Muache, papa. Muache alie."

Akamwacha. Tukakaa hivyo, yeye kule na mimi chini ya meza sokoni, tunamsikiliza.